Mpaka Jiwe Lipate Moto

Jumapili ile, baada ya misa, Pudentienne alishuka kutoka Songo hadi ziwani na beseni ya buluu kichwani. Ndani ya beseni mlikuwa na mawe yake yote. Alikuwa anakuja kuyatupa majini, kwa sababu dada yangu alisema asipoyatupa hataolewa nami.

Sisi tulikuwa tumetangulia: mimi, dada yangu mkubwa Agnès, na baba yetu mdogo Jean-Berchmans, aliyekuja kuwa shahidi wa ukoo. Wanawake walikuwa wameanika ndagala, vile visamaki vya ziwani, mchangani na harufu ilikuwa kali. Ng'ambo, milima ya Burundi ilionekana wazi kama imetoka kuoshwa. Mimi sikuitazama milima. Nilitazama namna alivyokuwa anateremka, shingo imenyooka, mkono mmoja juu ya beseni, mwingine umeinua kitenge kisiburute mavumbini. Nina miaka arobaini na saba. Nilidhani mambo ya kutazama shingo ya mwanamke yamekwisha kwangu.

"Anatembea kama muntu anapeleka maiti," baba mdogo alisema.

"Apeleke," Agnès alijibu. "Tukishazika tutakula."

Mawe yenyewe ni mawe ya kioo. Watu wa shule wanayaita kristali. Baba yake, marehemu mzee Nizigama, aliyaokota milimani juu alikokuwa analima, akawa anayashusha Uvira moja moja. Mengine ni meupe kabisa, ukiweka kidole nyuma yake unakiona. Mengine yana moshi ndani, kama mtu alivuta sigara halafu moshi ukafungiwa humo. Yale marefu yana pande sita, zimenyooka, zimekutana juu kwenye ncha. Mimi ni mchomaji vyuma, kazi yangu ni kukata na kunyoosha. Najua jasho linalotoka ili upande mmoja tu uwe sawa. Mara ya kwanza nilipoona jiwe lile nilimuuliza Pudentienne ni fundi gani aliyelichonga. Akacheka. Akasema limezaliwa hivyo.

Nilimfahamu kwa ajili ya mlango. Aliniita kutoka karakana yangu ya Kasenga nikamfungie mlango wa chuma, maana ule wa mbao ulikuwa umeoza. Siku ile nilikuwa sijalala vizuri kwa muda mrefu, tangu kifo cha mke wangu Jolie. Macho yalikuwa mekundu, na watu wengi walidhani ni moto wa kazi. Pudentienne alinitazama mara moja tu, akaingia ndani, akatoka na jiwe.

"Papa Luc," aliniambia, kwa jina la mwanangu kama watu wote wanavyoniita, "shika hii. Usiseme kitu mpaka lipate moto."

"Mama Délice," nikamwita nami kwa jina la mtoto wake, "nimekuja kufunga mulango."

"Umesema. Anza tena."

Ndiyo namna yake ya kufanya kazi. Hana uganga mwingine. Mtu anakuja na jambo lake, anapewa jiwe, ananyamaza nalo. Jiwe la kioo lina baridi ya ajabu, hata kwenye jua la saa saba, na halikubali joto upesi kama chupa. Likishapata joto la mkono, ndipo unasema. Lile utakalosema wakati huo, alisema, ndilo ulilokuja nalo. Mengine yote ni kelele za njiani.

Nilinyamaza kwa aibu tu. Baadaye akaniuliza, "Limepata moto?"

"Sijui. Mikono yangu imekufa." Nikamwonyesha viganja. Vimeungua miaka mingi, ngozi ni kama ya kiatu, naweza kushika sufuria likiwa jikoni.

Hakunicheka. Alichukua jiwe mkononi mwangu akaliweka kwenye shavu lake. Alifumba macho kidogo. "Bado," akasema, akanirudishia.

Mimi nilibaki nalitazama jiwe ambalo limetoka kwenye shavu la mwanamke. Sitaki kudanganya mtu, nilitamani lisipate moto mpaka jioni. Alilipima tena, na tena. Mwishowe akasema, "Sasa." Nikafungua mdomo nikitaka kuuliza habari ya bawaba za mlango, likatoka jina la Jolie. Tangu tumzike sikuwa nimelitamka. Nililitamka pale, nimekaa juu ya sanduku la vyombo vyangu, na nililia kama mtoto aliyekanyagwa. Pudentienne alikaa karibu, hakunishika, hakuniambia nyamaza. Usiku ule nililala mpaka jogoo wakachoka kuwika.

Watu wananiuliza kama jiwe linaponya. Nasema ninachokijua. Siku moja nikiwa kwake, mama mmoja alimleta mtoto mwenye homa kali. Pudentienne alimfokea, "Mutoto anaungua vile, unamuleta kwa minye mwenye majiwe? Enda hospitali, sasa hivi. Hii jiwe shika weye mwenyewe, njiani, usianguke na mutoto." Mtoto alipona kwa dawa za daktari. Lakini yule mama alirudisha jiwe akalibusu, na mimi sikuona cha kucheka.

Nilimwomba kipande kidogo, chenye moshi ndani, nikakiweka chini ya mto wangu. Hapo ndipo vita vilipoanzia. Agnès anakaa kwangu. Alirudi kutoka kwa mume wake kule Nyamianda zamani, bila mtoto, na tangu Jolie afe yeye ndiye mwenye nyumba. Anapika, anafua, anatandika. Alipotandika siku moja akakikuta.

"Ezéchiel, hii ni nini?"

"Jiwe."

"Naona ni jiwe. Linafanya nini ku kitanda?"

"Linalala."

Hakucheka. "Ule mwanamuke wa Songo iko na dawa," akasema polepole. "Amekufunga."

Kwetu neno dawa lina milango miwili. Kuna dawa ya kidonge, na kuna dawa ya kumfunga mtu. Agnès alipita mlango wa pili bila kupiga hodi. Tangu siku ile kila nikichelewa ilikuwa dawa, nikiimba karakana ilikuwa dawa, nikinunua shati jipya ilikuwa dawa. Na nilipotangaza kwamba nataka kuoa, alikwenda Songo mwenyewe, akamwambia Pudentienne mbele ya majirani: mawe yaingie ziwani, ndipo wewe uingie kwetu.

Nilidhani Pudentienne atamfukuza. Akasema, "Jumapili."

Sasa alikuwa amefika. Aliteremsha beseni, akavua viatu, akaingia majini mpaka maji yakafika kwenye kifundo cha mguu. Alimsalimia baba mdogo kwa heshima, akamsalimia Agnès kwa wingi, kama anavyosalimiwa dada mkubwa, "Yaya, mwaamukaje." Mimi hakunisalimia. Alinitazama tu, na macho yale yalikuwa yanauliza kitu ambacho sikujua kukijibu.

Alichovya jiwe la kwanza majini, akaliinua. Lilikuwa lile kubwa, refu kama mkono wa mtoto, jeupe, ambalo mzee Nizigama alilifunga ndani ya koti lake akashuka nalo mlima mzima. Jua lilipita ndani yake likatoka upande wa pili limevunjika rangi, likacheza juu ya maji na juu ya kitenge chake. Hata wanawake wa ndagala waligeuka.

"Mungu wangu," baba mdogo alisema chinichini. "Na hii yote tunaipatia samaki?"

"Tupa," Agnès alisema.

Pudentienne aliinua mkono.

"Usitupe," nikasema.

Mkono ulisimama. Aligeuka polepole. "Juu ya nini, Papa Luc? Weye mwenyewe uliniambia ni majiwe tu."

"Ni majiwe tu."

"Sasa?"

"Lakini ni yako. Ukiyatupa kwa ajili yangu, kila ukinitazama utaona mutu aliyekunyang'anya. Minye sitaki kutazamwa vile."

"Na nguvu yake? Unaiamini ao hauiamini?"

Mimi sijui kuzungusha maneno. Shule niliiacha mapema, na kusema uongo kunanichosha kuliko kubeba chuma. "Nguvu niliiona," nikasema. "Kama iko ndani ya jiwe ao ndani yako, sijui. Ukitupa moja, nitajuaje?"

Alishusha macho, lakini niliona mdomo wake ukikaza ili usicheke. Maji yalikuwa yanaingia na kutoka kati ya vidole vya miguu yake.

"Mumesikia?" Agnès alimgeukia baba mdogo. "Muntu mwenye kuchoma vyuma, anasema maneno kama ya redio. Dawa gani ingine munangojea?"

"Mutoto wa kaka yangu hajawahi kusema vizuri vile," baba mdogo alikubali. "Iko kitu."

Pudentienne alitoka majini. Alimwendea Agnès, akasimama mbele yake na jiwe lile kubwa mikononi, likidondoka maji.

"Yaya, mukitaka nitupe, minye natupa. Sikuja kucheza. Lakini baba yangu aliniachia haya majiwe na neno moja tu: muntu asitoe neno kubwa mbele yake bila kulishika. Mulishike. Munyamaze mpaka lipate moto. Likishapata moto, mukisema bado 'tupa', nalirudisha ku maji na yote yanalifuata. Sitawakasirikia."

"Nishike minye? Kitu cha uganga?"

"Sala yenu si inashinda?"

Agnès ni mwanamke wa kikundi cha sala. Pale alikamatika. Alijifanyia ishara ya msalaba, akanyoosha mikono miwili kama mtu anayepokea kaa la moto, akapokea. Nilimwona akishtuka. "Iko baridi," alisema.

"Yaya, mumesema. Muanze tena."

"Na minye?" baba mdogo aliuliza. "Shahidi anakaa bure?" Pudentienne akampa kipande kutoka kwenye beseni. "Asante, mukwe. Hili langu linaonekana lina—"

"Baba mudogo, mumesema."

"Nilikuwa nashukuru tu."

"Mumesema tena."

Tukanyamaza. Nilimtazama dada yangu, na nadhani sikuwa nimemtazama kwa miaka. Ukiishi na mtu anayekupikia, unaangalia sahani. Alikuwa amesimama na jiwe kifuani, vidole vyake vimekunjamana kwa sabuni, kilemba cha misa kimeanza kulegea. Mwanzoni uso wake ulikuwa wa vita. Aliwakazia macho mawimbi. Halafu akalitazama jiwe, na kwa kuwa halina kitu cha kutazama isipokuwa mwanga, macho yake yaliingia humo yakakaa. Mabega yalishuka. Baba mdogo alifungua mdomo, Pudentienne akamwinulia kidole, akaufunga.

Mtumbwi ulipita, wavuvi wakatushangaa, wakaenda zao.

"Limepata moto," Agnès alisema mwishowe. Sauti haikuwa yake.

"Sasa museme, Yaya."

Nilingoja neno "tupa". Agnès hakumtazama Pudentienne, wala mimi. Alikuwa anaongea na jiwe.

"Minye nitaenda wapi?" akasema.

Akalikaza jiwe kifuani.

"Nyumba ya mume nilishatoka. Kwa baba hakuna nyumba tena. Nimekaa kwa ndugu yangu, jiko ni langu, nikiamka najua sufuria iko wapi. Sasa ataingia mwanamuke. Mwanamuke akiingia, dada anatoka. Ndiyo vile inakuwaga." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono bila kuliachia jiwe. "Siogopi majiwe. Naogopa kukutwa nimekaa ku kiti cha muntu."

Mimi nilisimama kama mlingoti. Mwezi mzima nilikuwa nabishana naye habari za dawa, na hakuna hata siku moja niliyomuuliza hilo.

Pudentienne ndiye aliyesema. "Nani alisema mutatoka?"

"Jiko ni moja."

"Basi tutagombana ku jiko moja. Sitawadanganya, Yaya, tutagombana. Minye naweka chumvi mingi, na sipendi muntu afunike sufuria yangu. Lakini Papa Luc amenisifia sombe yenu mpaka nimechoka. Mukitoka muniachie nani? Huyu? Anakula sombe yangu na uso wa muntu anakunywa kinini ya malaria."

"Alisema hivyo?" Agnès alinigeukia.

"Sombe yake ni mbaya," nikasema. Ni kweli, majani ya muhogo akiyapika yeye, ni mabaya.

Pudentienne alinipiga begani na upande wa kitenge. Ilikuwa mara ya kwanza ananigusa mbele ya watu, na pahali pale begani palibaki pananiambia habari.

Agnès alicheka huku machozi bado yanamtoka. Alikunja ncha ya kitenge chake, akalifuta lile jiwe pande zote sita, taratibu, kama anafuta uso wa mtoto kabla ya kumpeleka misa.

"Limepata moto, sikusema tupa," alisema.

"Nimesikia, Yaya."

"Lakini jikoni halitaingia."

"Litakaa ku salon, kwa wageni."

"Na usiniwekee lingine chini ya mto."

"Minye sikuweka. Ni ndugu yenu aliweka."

"Ezéchiel," baba mdogo aliingilia, "langu pia limepata moto. Naweza kusema?" Hakungoja ruhusa. "Tulikuja kuzika, sasa hakuna maiti. Minye nimevaa koti bure? Nirudi nyumbani niseme nini? Kama ukoo uko hapa na mwanamuke yuko hapa, mambo ya kuomba yaombwe. Mama Délice, sisi tumetoka mbali—"

"Mumetoka Kasenga," Agnès alisema.

"Tumetoka mbali, tumeona ua zuri ku shamba la watu—"

"Baba mudogo, muniachie," nikasema. Nilimwogopa asije akafika kwenye ng'ombe na nyuki na maneno yote ya masherehe, na mimi moyo ukiwa unapiga kama nyundo ya karakana. Nikamsogelea Pudentienne. Maneno niliyoyatayarisha juma zima yalikimbia. "Mama Délice, unanitaka ao haunitaki?"

"Eh," baba mdogo alisema. "Muntu anaombaga bibi vile? Kama ananunua sabuni?"

Pudentienne alifungua mdomo ajibu. Agnès akamwahi. Alilichovya lile jiwe kubwa ziwani lipoe, akamshika mkono, akamfungua vidole, akamlazia kiganjani.

"Shika weye sasa," akamwambia. "Usiseme kitu mpaka lipate moto."

Nilimwona Pudentienne akibadilika. Mtaa mzima wa Songo umepita na mawe yale mikononi, lakini sikuwahi kumwona yeye akilishika kwa ajili yake mwenyewe. Yeye ndiye alikuwa anangojea wengine. Hakuna aliyewahi kumngojea. Alilikumbatia kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na mikono yake ilikuwa imelowa maji ya ziwa, baridi, nikajua itachukua muda.

Tukangoja. Baba mdogo hakusema kitu, na hilo peke yake lingetosha kuwa muujiza. Agnès alisimama karibu naye, si karibu nami. Mimi nilimtazama: paji la uso, nywele mbili tatu za mvi alizokuwa hazifichi, mshipa mdogo wa shingoni unaopiga. Nilifikiria, akisema hapana nitarudi Kasenga nitachoma vyuma mpaka nife, na sitamlaumu. Nilifikiria pia kwamba jiwe lile lilikaa gizani ndani ya mlima miaka ambayo hakuna mtu anaijua, pande zake sita zikinyooka polepole bila haraka ya mtu yeyote, na leo limetoka kungojea mkono wa mwanamke mmoja upate joto. Kitu kama hicho, sema unavyotaka, mimi nakivulia kofia.

Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa.

"Limepata moto?" Agnès aliuliza.

Pudentienne alinyoosha jiwe kwangu, na mimi nikatoa kiganja kulipokea, kama mjinga.

"Mikono yako imekufa," alisema.

Akapita kiganja changu, akasogea mpaka nikasikia pumzi yake, na mbele ya dada yangu, mbele ya baba mdogo, mbele ya wanawake wote wa ndagala, akaliweka jiwe kwenye shavu langu.

"Sikia mwenyewe, Ezéchiel," akasema.

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nikafumba macho. Lilikuwa la moto.